Mipira Katika Springi za Hajj Shumaf

Temirkan hagusi mpira wa springi kwa mkono mtupu. Huutoa kwa koleo, huutupa kwenye ndoo iliyo nje ya mlango wa karakana, kisha hunawa. Wateja wapya hudhani anafanya mzaha. Ana miaka hamsini na tisa, na amelala chini ya magari tangu akiwa na kumi na saba. Ameshika oili iliyooza, kutu, paka aliyenaswa na feni, na mara moja kiota kizima cha panya chenye wenyewe ndani. Hakuna kilichomtia kinyaa kama kile kidude cheusi chenye mfereji katikati, kinachouzwa barabarani kwenye mifuko ya nailoni, ili watu wakichomeke kati ya pete za springi za nyuma na kuinua mkia wa gari.

Karakana yake iko Bayader Wadi al-Seer, mtaa wa Amman, na inalishwa na magari ya haibridi, yale yenye injini ndogo ya petroli na mota ya umeme. Madereva wa teksi wanayo, wastaafu wanayo, mabibi harusi wanapelekwa nayo. Yameundwa kwa hesabu: pua chini, mgongo wa mviringo, mkia uliokatwa wima ili upepo uachane na bati bila kuliburuta nyuma. Kisha mwenye gari anapakia mama mkwe, watoto wanne na gunia la mchele, anapita tuta moja mbele ya shule, anasikia bampa ikikwaruza, na kesho yake anatafuta mpira. Mkia unapanda sentimita nne. Taa za mbele zinatazama lami. Upepo uliotakiwa kupita chini kimya kimya unajazana chini ya buti kama ndani ya mwavuli. Springi iliyotengenezwa ijikunje na kujikunjua inabanwa, na gurudumu la nyuma linaacha kuifuata barabara, linaanza kuidunda.

“Mtu ananunua kazi ya wahandisi mia tatu,” Temirkan husema, “halafu anachomeka ndala matakoni mwa gari.”

Gari lake mwenyewe, jeupe, la miaka kumi na miwili, lilimchukua miaka miwili kulirekebisha. Alianzia nyuma, kwa sababu nyuma ndiko magari yale yanakoharibiwa. Springi hakuzikata kwa grainda. Kukata springi, kwake, ni kama kukata miguu ya kiti kwa sababu meza ni fupi. Alizipeleka Zarqa kwa mzee mmoja anayepinda chuma, akatengenezewa mpya, fupi kwa sentimita mbili na nusu lakini ngumu zaidi. Akatafuta shokapu za kuendana nazo. Akabadilisha bushi za boriti inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma, akafunga juu yake ufito wa chuma ili gari lisilale kwenye kona. Mwisho akatandika bamba la alumini chini ya buti, likipanda taratibu kuelekea bampa, upepo upate mahali pa kutokea.

Upepo hauonekani, kwa hiyo alichukua sufu nyekundu ya kufumia ya mkewe, akaikata vipande vya urefu wa kidole, akavibandika sitini kwenye mkia wa gari. Mwanawe Nart alimfuata kwa gari lingine kwenye barabara ya uwanja wa ndege akipiga picha. Uzi uliolala ulimaanisha upepo umeridhika. Uliozunguka kama mtu aliyepagawa ulimaanisha hapo pana kazi. Alirudia mara tatu, kila mara akirekebisha mteremko wa bamba.

“Fulana ya mjukuu wangu imekosa mkono mmoja,” mkewe alimwambia, “kwa ajili ya makalio ya gari lako.”

Madereva wa teksi mtaani walikuwa na lao.

“Abu Nart, gari limechoka? Mbona limekaa kama kuku anayetaga?”

“Na lako mbona limesimama kama linaomba teke?”

Lakini la Temirkan lilikuwa linakwenda kilomita ishirini na nne kwa lita, wakati ya wenzake yakienda kumi na tisa. Na lori likilipita kwa kasi kwenye Barabara ya Jangwani, Temirkan hushika usukani kwa vidole viwili.

Hayo yote kaka yake Hajj Shumaf aliyajua juu juu, kama mtu anavyojua kwamba mdogo wake anafuga njiwa. Hajj Shumaf ana miaka sabini na sita, ni afisa mstaafu wa mizinga, na ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba yao afe. Kwa Waserkasi wa Wadi al-Seer, jamii yao, hilo si neno la heshima tu. Mkubwa akiingia unasimama. Mkubwa akiwa na wageni, mdogo anakaa upande wa mlango au hakai kabisa, anamimina kahawa, na hasemi mpaka aulizwe. Na akiulizwa mbele ya wageni, hampingi. Temirkan hajawahi kumpinga kaka yake mbele ya mtu, hata siku Shumaf alipowaambia watu kwamba injini ya dizeli haina haja ya oili wakati wa baridi.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, Shumaf alikuwa na wageni watano, wote wazee. Kulikuwa na kuku wa shipsi, ule mchuzi mzito wa Kiserkasi, na basta, ugali wake, na sinia la vitumbua vya jibini ambavyo bintiye, Janset, alikuwa anavikaanga jikoni. Janset ni mfamasia. Alikuwa amepata kazi Aqaba, kilomita mia tatu na zaidi kusini, na kila Jumamosi alikuwa ashuke huko kwa gari la haibridi alilopewa na baba yake, la aina ileile kama la ami yake. Temirkan alikuwa amesimama mlangoni na birika.

“Temirkan.”

“Naam, Kaka.”

“Wewe ni mtu wa springi. Waambie hawa. Gari la Janset nimeliinua nyuma, nimeweka mipira. Sasa linapita tuta kama ngamia. Nimefanya vyema au vibaya?”

Alikuwa ameliona gari lile nje alipoingia, mkia juu. Wazee watano walimgeukia. Mmoja wao, Hajj Zakariya wa Na'ur, alikuwa ameacha hata kutafuna.

“Umefanya vyema, Kaka.”

“Mmesikia? Na huyu simlipi anisifu.”

“Huyu?” mzee mwingine akacheka. “Wewe Shumaf hata ukifunga punda chini ya gari, huyu atasema punda amekaa sawa.”

Wakacheka wote. Temirkan akamimina kahawa. Baadaye alisema kwamba neno lile, vyema, lilimkaa mdomoni mchana kutwa kama mafuta ya kupikia yaliyochacha. Kwenye Barabara ya Jangwani malori ya fosfeti hayana huruma, na baada ya Ma'an iko Ras al-Naqab, mteremko mrefu wenye kona na upepo wa ubavuni. Gari lenye mkia mwepesi kwenye mteremko kama ule, dereva akikanyaga breki katikati ya kona, nyuma hutangulia mbele.

Wageni walipoondoka na kaka yake akaenda kulala kidogo, Temirkan alitoka na jeki. Dakika ishirini zilimtosha. Janset alimkuta akifunga buti, vipande viwili vya mpira vikiwa ndani ya mfuko wa takataka.

“Ami, unafanya nini?”

“Nimeondoa uchafu. Kesho utakwenda salama.”

“Baba akiuliza?”

“Hataona. Nani anapima mkia wa gari kila asubuhi?”

Alisahau kwamba mtu aliyelenga mizinga miaka ishirini na minane hupima kila kitu. Jumamosi saa mbili asubuhi Hajj Shumaf alitoka kukagua gari, maana siku hiyo alikuwa aende na binti yake akaione nyumba aliyopanga. Akaweka shubiri yake kati ya tairi na bati. Akaiweka tena. Hakumshuku mtu. Aliamua kwamba mipira ilikuwa dhaifu, imechomoka njiani, na kwa kuwa hakutaka kumsumbua mdogo wake siku ya kazi, alilipeleka gari kwa Hamuda.

Hamuda ana kibanda mitaa miwili kutoka kwa Temirkan. Alikuwa akiuza vifuniko vya viti. Sasa anauza mipira, mabawa ya plastiki ya kubandika kwenye buti, na vibandiko vyenye picha ya tai. Ilipokaribia saa tano alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa Temirkan, akaegemea.

“Mwalimu, salamu kutoka kwa kaka yako.”

“Ulimwona wapi?”

“Kwangu. Alikuja asubuhi, gari limeanguka mkia. Nikamwambia Hajj, ile iliyowekwa ni ya watoto, mimi nakuwekea ya wanaume. Nimemtia minene kila upande, na duara la plastiki gumu chini ya springi. Limesimama! Ukipita nyuma yake unaona Saudia.”

“Springi imebakiwa na nafasi kiasi gani?”

“Nafasi ya nini?”

Temirkan alimtazama kwa muda. Hamuda mwenyewe anasema alitazamwa kama kitu kilichotoka puani mwa mtu. Kisha Temirkan akafunga mlango wa karakana, gari la mteja likiwa bado juu ya jeki, akampigia Janset.

“Mko wapi?”

“Qatrana, kwenye mkahawa. Baba alitaka chai.” Sauti yake ilishuka. “Ami, gari linaogelea. Tangu tupite Dab'a. Lori likitupita nyuma inakwenda upande, halafu inarudi yenyewe. Kwenye kiungo cha daraja iliruka.”

“Na kwa nini hukurudi?”

“Nitamwambiaje? Alikuwa anasimulia vita vya Karameh.”

“Kaa hapo. Mwagizie chai nyingine.”

“Amekunywa tatu.”

“Ya nne.”

Angeweza kumpigia kaka yake simu. Anasema wazo hilo halikumjia hata kidogo. Mkubwa haendewi kwa simu na habari mbaya, unasimama mbele yake. Kilomita tisini alizikata kwa dakika hamsini na tano. Upepo ulikuwa unatoka magharibi, mchanga ukivuka lami kama moshi wa chini, na mara mbili alipitwa na malori mawili yaliyofuatana. Gari lake halikutikisika. Siku nyingine angefurahi. Siku hiyo, anasema, utulivu ule ulimchukiza, kwa sababu alikuwa amejitengenezea mwenyewe kitu salama, na binti wa kaka yake akampa neno vyema.

Gari la Janset aliliona kabla ya mkahawa. Lilikuwa limeegeshwa limeinama mbele, kama mnyama anayekunywa maji.

Hajj Shumaf alikuwa ameketi kwenye baraza na madereva wawili wa malori, ambao alikuwa amekwisha kuwajua majina, vijiji na vikosi vya baba zao. Janset alikuwa pembeni, glasi mbele yake imejaa. Temirkan akasimama.

“Kuna msiba?” Shumaf akauliza.

“Hakuna, Kaka.”

“Sasa umefuata nini huku?”

“Nimefuata gari. Naomba tuzungumze pembeni.”

“Pembeni kuna nini? Mimi nina siri gani? Hawa ni watu wazima. Sema hapa.”

Temirkan alitazama viatu vyake. Madereva walitazama glasi zao. Alianza mara ya kwanza akakohoa.

“Gari hili halifai kushuka Naqab, Kaka. Likishuka hivi litawaua. Mipira ni mibaya. Ulichofanya ni kibaya, na hata jana kilikuwa kibaya.”

Dereva mmoja aliinuka. “Ngoja nikaangalie matairi yangu,” akasema, akaenda. Wa pili hakusogea. Alivuta sahani ya mbegu karibu.

Hajj Shumaf hakupandisha sauti. Alimgeukia binti yake.

“Na wewe ulijua?”

“Lilikuwa linaogelea, Baba.”

“Tangu wapi?”

“Dab'a.”

“Kilomita hamsini. Ukanyamaza.”

“Ulikuwa unasimulia.”

Mzee akaweka glasi chini. “Nimezungukwa na watu wanaoniheshimu mpaka waniue,” akasema. “Itoe.”

Temirkan alifanya kazi palepale, juu ya changarawe na magamba ya mbegu. Koleo alikuwa amelisahau Bayader. Ilibidi aitoe mipira kwa vidole, na haikutaka kutoka. Hamuda alikuwa ameipaka sabuni ili iingie, na sabuni ilikuwa imekauka na vumbi ikawa ute wa kijivu uliomganda mpaka kwenye kucha. Pete mbili za springi zilikuwa zimekwisha anza kuchubuka rangi. Duara la plastiki lilikuwa limepasuka tayari, kipande kimekaa kati ya springi na kiti chake, tayari kuteleza. Alikitoa akakiweka chini, mahali kaka yake angekiona.

Shumaf alisimama juu yake muda wote, mikono nyuma. Aliinama, akaokota mpira mmoja, akaunusa, uso ukamkunjamana.

“Jana nilikuuliza nini?”

“Uliniuliza kama ni vyema au vibaya.”

“Nilikuambia unisifu?”

“Hapana.”

“Na mipira ya kwanza haikuchomoka yenyewe.”

“Niliitoa mimi. Ulipolala.”

“Kwa hiyo ulinidanganya mbele ya wageni wangu, halafu ukaniibia uwanjani kwangu, halafu nikaenda kwa yule muuza takataka nikamwambia kazi ya kwanza ilikuwa dhaifu.” Akautupa mpira chini. “Ungenipinga, ningekasirika mpaka magharibi. Uchungu huu sijui nitaumaliza lini.”

Dereva mwenye mbegu alitaka kusema jambo la kupatanisha. Shumaf alimwinulia kidole bila kumtazama.

“Wageni watano wametoka kwangu na uongo wako,” akaendelea. “Zakariya ana gari kama hili. Aliacha kutafuna akusikilize. Mpigie.”

“Kaka, nikifika nita…”

“Sasa. Hapa. Nisikie.”

Temirkan akafuta vidole kwenye suruali, akapiga, akaweka sauti ya nje. Hajj Zakariya alipokea kwa furaha.

“Abu Nart! Mungu akuweke. Nilitaka kukupigia nikushukuru.”

“Kwa lipi, Hajj?”

“Mipira! Nimeitia leo asubuhi, kwa kijana anaitwa Hamuda. Nikamwambia Temirkan mwenyewe ametoa ushahidi kwa kaka yake. Akasema kuanzia leo atawaambia wateja wote. Kijana mwenye adabu.”

Janset aliziba mdomo. Shumaf alitazama malori barabarani.

“Hajj,” Temirkan akasema, “nilichosema jana hakikuwa kweli. Mipira inaua. Nilisema kwa sababu kaka yangu alikuwa ameketi na ninyi mlikuwa mmeketi. Usiendeshe. Nakuja kuitoa leo.”

Hajj Zakariya akashusha sauti.

“Mbona ulisema vyema?”

“Nilisema uongo, Hajj.”

“Lakini limeinuka vizuri.”

“Nakuja,” Temirkan akasema, akakata.

Alipima mkia wa gari la Janset kwa kipimo chake cha chuma, kulia na kushoto, akajaza upepo matairi, akamwambia Janset asizidi mia kwenye wazi na ashuke Naqab kwa gia ya kushukia, sio kwa breki. Wiki ijayo angemwekea springi kama zake. Janset alimbusu begani. Hajj Shumaf aliingia mbele, akafunga mkanda, akasubiri mlango ufungwe na mtu mwingine. Temirkan aliufunga. Hakuna mkono uliotolewa dirishani.

Kurudi Amman kulimchukua saa moja na zaidi. Hakuwasha redio. Kule Na'ur alipofika, Hajj Zakariya alikuwa amekwisha andaa zulia la kulalia chini ya gari na jagi la limau, kama mtu anayepokea mgeni wa kuheshimiwa, na ukarimu ule ulikuwa mgumu kumeza kuliko matusi. Alikataa limau. Akalala chali, akaanza na upande wa kushoto.

Ujumbe wa Janset uliingia saa kumi kasoro. Tumefika. Limeshuka Naqab limetulia kabisa, hata upepo haukulisogeza. Baba alilala tangu Ma'an, ameamka bahari inaonekana.

Temirkan aliusoma mara mbili akiwa chini ya gari, simu imeegemezwa kwenye tairi, vidole vimejaa ute wa sabuni. Juu yake Hajj Zakariya alikuwa amesimama na jagi, akiuliza kama ni lazima yote miwili itoke, au mmoja unaweza kubaki.